Zuhudi Haimo Ndani ya Chungu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, siku hizi ukiingia katika vyumba vya wanafunzi, au katika ofisi na mikahawa ya mijini, huenda ukakikuta chungu kidogo cha zege. Rangi yake ni ya kijivu, hakikupakwa kitu, hakina nakshi. Kimekalishwa juu ya kipande cha ubao wa zamani, na ndani yake umeota mche mmoja tu, mshubiri au mrehani. Wenye navyo huvisifia usahili wake. Baadhi ya ndugu zetu wameongeza hatua nyingine: nimewasikia wakisema kuwa chumba chenye ukuta mtupu, msala mmoja na chungu kimoja cha namna hiyo ndicho chumba cha mwenye zuhudi, mtu aliyeipa nyongo dunia.

Hapo ndipo penye swali langu. Je, zuhudi inaweza kukaa ndani ya kitu? Mtu anaweza kuinunua, akaiweka mezani na kuionyesha wageni?

Kwa sisi tuliozaliwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, swali hili si la mapambo peke yake. Kwetu wapo watu ambao vyumba vyao ni vitupu kwa sababu walikimbia bila kubeba kitu. Tukilijibu vibaya, tutampa mwenye nacho thawabu ya umaskini asiouonja, na asiye nacho tutamwambia ashukuru kwa kunyang'anywa.

Kwanza tukijue chenyewe. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, ni fundi wa matofali ya saruji Palma. Mchana hufyatua matofali kwa kalibu, na jioni mchanganyiko uliobaki huumimina katika ndoo na mabeseni yaliyopasuka. Ndani ya beseni hupaka mafuta kidogo ili zege lisigande. Katikati hutia kopo ili ipatikane nafasi ya udongo, na chini husimamisha kijiti ili libaki tundu la kutolea maji. Kesho yake hukitoa chungu, hukifunika kwa gunia bichi na kukimwagia maji kwa siku saba, kwani zege halianikwi juani kama samaki. Nguvu yake huipata kwa maji. Kisha ipo kazi ambayo mnunuzi haioni. Chungu kipya kina ukali wa chokaa unaoweza kuunguza mizizi, kwa hiyo hulowekwa siku kadhaa na maji yakabadilishwa, ndipo mche upandwe. Ubao huutoa katika mashua zilizovunjika. Huupaka mafuta kwanza, kwa sababu ubao ukinywa maji hufura, na ukifuria ndani ya zege hulipasua.

Kazi hii ni mpya kwa umbo, lakini nasaba yake ni ya kale. Wazee wa pwani hii, kuanzia Lamu hadi Kilwa na kushuka mpaka Ibo katika visiwa vya Quirimbas, walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashika kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya kuni, na dari wakazibeba kwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, umetokana na ujuzi huo. Saruji ni jamaa ya chokaa. Mwingereza Joseph Aspdin aliipatia hataza saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824, na mpaka leo saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto la takriban nyuzi 1450 za Selsiasi. Kwa hiyo ndugu yangu anapoweka zege na ubao pamoja, hakuanza jambo jipya.

Sasa turudi kwa wanaosema huo ni uzuhudi. Hawakosi pa kuegemea. Ibn Umar (r.a.) amepokea, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, kwamba msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, na paa lake makuti. Umar (r.a.) alipoujenga upya alifuata namna ileile, na imepokewa kuwa alimwagiza fundi awakinge watu na mvua, ajihadhari na rangi nyekundu na njano zisije zikawashughulisha na Sala. Na katika Sahihi Muslim mna kisa cha Bibi Aisha (r.a.) alipotundika kitambaa nyumbani. Mtume (s.a.w.) alikivuta mpaka akakipasua, akabainisha kuwa Allah hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Mwenye kupenda ukuta mtupu na zege lisilopakwa rangi atasema: mnataka dalili gani tena?

Lakini tuzisome habari hizo mpaka mwisho. Ibn Umar huyohuyo ameeleza kwamba Uthman (r.a.) aliujenga msikiti uleule kwa mawe yaliyochongwa na jasi, akauezeka kwa mbao za msaji. Hatuwezi kusema kuwa Uthman aliiacha zuhudi alipoacha makuti. Alikuwa miongoni mwa matajiri wa Kikureshi na mali yake aliitoa katika njia ya Allah bila kusitasita. Na Bibi Aisha baada ya kile kitambaa kupasuka alikifanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu. Kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kimepata kazi ya kumpumzisha mtu.

Wanazuoni wetu hawakuipima zuhudi kwa kuangalia ukuta. Imam Ghazali katika Ihya ametenganisha ufakiri na zuhudi, akaviwekea kila kimoja maelezo yake. Mtu fakiri hana. Zahidi ni yule ambaye dunia imemjia naye akaielekeza kwingine. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimwita Abdullah bin al-Mubarak kwa jina la zahidi, naye akajibu kuwa zahidi ni Umar bin Abdul-Aziz, aliyejiwa na dunia akaiacha, ama yeye ameacha nini hata aitwe hivyo? Na kwa Imam Ahmad imenasibishwa kwamba aliulizwa iwapo mtu mwenye dinari elfu anaweza kuwa zahidi. Akakubali, kwa sharti kwamba zikiongezeka hafurahi na zikipungua hahuzuniki. Ukichukua kauli hizi mbili, utaona kwamba chungu cha zege hakiwezi kuwa dalili ya zuhudi, kama vile zulia la bei haliwezi kuwa dalili ya kukosekana kwake. Zuhudi ni hali ya moyo mbele ya kitu, nayo haionekani kwa mgeni aliyeketi kitini.

Hapa naomba niseme jambo linalotuhusu sisi wa Cabo Delgado. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 vikaingia Palma. Mwaka ule idadi ya waliohama makwao katika jimbo letu ilipita laki saba. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikaa miezi mingi katika chumba cha wenyeji wake kisichokuwa na kitu isipokuwa mkeka na ndoo. Mtu wa mjini angelipiga picha chumba kile na kukisifia usahili wake. Mama mdogo hakukiita zuhudi. Alikiita kwa jina lake, dhiki, na alisubiri. Subira yake ina ujira kwa Mola wake, lakini subira ni mlango mmoja na zuhudi ni mlango mwingine, na si haki yetu kumbadilishia.

Aliporudi Palma, pambo la kwanza alilonunua lilikuwa maua ya plastiki, mekundu na ya manjano, akayatia katika kopo la maziwa. Mwanawe, fundi wa vyungu, alitaka kumpa chungu cha zege mahali pake. Alimwambia maua yale ni ya kishamba na yanakusanya vumbi. Mama mdogo akamjibu, "Mwanangu, mimi nimekaa na kijivu miaka miwili. Niachie wekundu wangu."

Nimelifikiri sana jibu lile, na limenirudisha kwenye Hadithi aliyoipokea Muslim kuhusu kibri. Mtume (s.a.w.) alipoonya kwamba hataingia Peponi mwenye chembe ya kibri moyoni, mtu mmoja akauliza kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mwenye maua mekundu anaweza kuwa salama, na mwenye chungu cha kijivu akaangamia, kama kile chungu kimemfundisha kuwadharau wenye maua mekundu.

Na dharau hiyo haikuanza kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu majengo Adolf Loos wa Vienna aliandika insha mashuhuri iliyoyafananisha mapambo na uhalifu. Humo alidai kwamba kadiri watu wanavyostaarabika ndivyo wanavyoyaacha mapambo, na akawatolea mfano watu wa Papua na michoro ya miili yao kuwa ndio walio nyuma. Hoja zake juu ya kuokoa jasho la mafundi na mali inayopotea zinafaa kusikilizwa. Lakini kwa kipimo chake, milango ya nakshi ya Unguja na Lamu ni alama za watu ambao bado hawajakua. Muislamu anayeupenda usahili ajue kuwa usahili nao una historia ya majivuno, na aukague kabla hajaupa jina la Kiarabu.

Basi chungu hiki hakina thamani yoyote ya kimaadili? Ninaamini inayo, ila tumeitafuta mahali pasipokuwepo. Thamani yake haimo katika vitu ambavyo havikuwekwa juu yake. Imo katika amana zilizomo ndani yake. Allah (s.w.) katika Suratul-Hadid amewataka waumini watoe katika mali ambayo amewafanya kuwa wasimamizi wake. Na ndani ya chungu hiki kimoja tunasimamia vitu vitatu vya aina tatu: kisicho na uhai, kilichokuwa hai, na kilicho hai.

Anza na zege. Halina uhai, lakini halikutoka hewani. Uzalishaji wa saruji unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu na kubomoa nyumba nyingi za Ibo na Macomia. Sisemi kuwa kimbunga kile kililetwa na vyungu. Nasema mtu wa pwani hawezi kuiona saruji kama unga usio na gharama. Na mchanga una swali lake: ukichotwa ufukweni, ni kinga ya kijiji kizima imechotwa kwa ajili ya pambo la mtu mmoja, na chumvi yake haifai kwa mche. Ndugu yangu hutumia masalio ya kazi ambayo yangegandia chini bure. Hapo usahili una maana ya kifiqhi, kwa kuwa ni kujiepusha na israfu. Lakini mtu akinunua mfuko mpya wa kilo 50 ili ajaze nyumba vyungu kumi na viwili "sahili", amebadilisha sura ya mapambo tu, na onyo la Suratut-Takathur bado linamhusu.

Kisha ubao. Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akisimama kwenye gogo la mtende anapohutubu. Alipotengenezewa mimbari, gogo likatoa sauti ya kilio kama ya ngamia mwenye mimba, mpaka akalishukia na kuliwekea mkono likatulia. Sisi tunaiamini habari hii. Basi kwa nini tunaponunua ubao hatuulizi umetoka wapi? Ubao wa mashua iliyokwisha kazi yake umeheshimiwa kwa kupewa kazi ya pili. Ubao wa mkoko uliokatwa jana ili uonekane wa zamani ni jambo jingine. Mikoko ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi, na katika mizizi yake ndimo kamba na samaki wachanga wanamokulia. Kwa macho, mbao mbili hizo zinaweza kufanana kabisa.

Mwisho ni mche, na huu ndio mzito. Imam Nawawi katika Minhaj, mwishoni mwa mlango wa matumizi, ameeleza kuwa mwenye mnyama ni wajibu amlishe na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa amlishe, amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Kisha akataja kwamba visivyo na roho, kama mfereji na nyumba, si wajibu kuvihudumia. Wafafanuzi wa madhehebu yetu ya Shafi wakasema kuacha kuimwagilia miti ni makruhu, kwa kuwa ni kupoteza mali. Hiyo ndiyo hukumu, na mimi mwanafunzi sina cha kuibadilisha. Ninachouliza ni juu ya adabu. Mti wa shambani una mvua, una umande, na mizizi yake hutembea kutafuta maji. Mche wa chunguni tumeuzungushia zege pande zote. Kila mlango wa riziki yake tumeufunga isipokuwa mkono wetu. Katika Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kosa lilielezwa kwa mambo mawili: hakumlisha alipomfungia, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Mche hauna maumivu ya paka, na siulinganishi naye katika hukumu. Ila maana ya kufungia ni ileile. Ukikifungia kiumbe, umejitwisha riziki yake.

Kwa hiyo namwona mwenye chungu hiki kuwa mtu aliyeweka nadhiri ndogo bila kujua. Kila baada ya siku mbili tatu atatakiwa kusimama, kutia kidole katika udongo, na kuuliza kama kuna kiu. Hapo ndipo pambo linapoweza kumlea mwenyewe. Ua la plastiki la mama mdogo halimdai kitu, na kwa mtu aliyechoka hiyo ni rehma. Mche unadai. Na likizo ndefu zinapokwisha hapa chuoni, pita kwenye veranda za mabweni uhesabu vyungu vyenye vijiti vikavu. Wenye vyungu hivyo walipenda sura ya usahili, lakini kazi yake hawakuitaka.

Wapo watakaouliza: katika jimbo ambalo watu wanakosa paa, si aibu saruji kugeuzwa vyungu vya mirehani? Ni swali la haki, na jibu lake linategemea mkono. Kwa anayetengeneza, hii ni riziki ya halali. Bukhari amepokea kwamba hakuna chakula bora kuliko cha kazi ya mkono wa mtu, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mkono wake. Chungu kinapouzwa Pemba au kuvushwa Mtwara, nyumbani kunanunuliwa unga. Kwa anayenunua, zipo haki zinazotangulia: zaka yake, jirani yake, ndugu yake aliye kambini. Akishazitoa, kijani kidogo dirishani si haramu wala si aibu. Tena Imam Ahmad, na Bukhari katika al-Adab al-Mufrad, wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi kama anaweza kuupanda aupande. Waliorudi Palma na kupanda mihogo na michungwa katika viwanja vilivyoungua wamenifafanulia Hadithi hiyo kuliko sherehe yoyote niliyoisoma.

Ndugu yangu mwanafunzi, ukipenda kuwa na chungu cha namna hii, kuwa nacho. Muulize fundi mchanga na ubao vimetoka wapi. Mlipe bei anayostahiki, wala usimpunje kwa hoja kwamba kitu chenyewe ni cha kawaida. Ukiondoka kwenda nyumbani, mkabidhi mwenzako anayebaki, kama unavyokabidhi amana nyingine. Na akija mgeni akakusifu kuwa wewe ni zahidi, mwambie kuwa chungu ni cha zege na ubao ni wa mashua. Ama zuhudi, hiyo ataijua Mwenye kuzijua nyoyo.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarejeshe makwao kwa amani waliohama, aturuzuku nyoyo zisizofungwa na tulivyo navyo, na atujaalie kuwa wasimamizi wema wa kila alichokiweka mikononi mwetu, hata kama ni mche mmoja. Amin.

Wallahu a'lam.